Wali wa Kafara na Nyumba ya Khoudh

Mimi kusoma nimesoma mpaka darasa la saba, Unguja, basi. Tulipohamia Maskati miaka ya tisini nilikuwa na maneno mengi na Kiarabu kidogo, na skuli za hapa zilitaka kinyume chake. Mwalimu akiniuliza kitu namjibu kwa Kiswahili, darasa zima linacheka, nami nikishapata watu wa kuwachekesha masomo yanakwenda zake. Nikaacha. Lakini msinidharau. Chuo kikuu nimeingia kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya maprofesa. Nilikuwa dereva wa basi la wanafunzi, kule Khoudh.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipa mshahara wa kila mwezi, na mshahara huo ndio ulionitia kwenye bili ya bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, alikuja kututembelea kutoka Unguja mwanzo mwanzo wa miaka ya elfu mbili. Alikuja na viza ya matembezi, begi la mihogo mikavu, na maumivu ya tumbo aliyotuficha mpaka siku alipoanguka jikoni. Daktari akasema ana mawe kwenye nyongo, lazima apasuliwe. Mgeni asiye na karatasi za hapa hatibiwi bure, basi tukampeleka spitali ya watu binafsi. Akapasuliwa, akapona, alhamdulillahi. Daktari alipotaka kuyatupa yale mawe bibi akamzuia.

"Yametoka kwangu, ni yangu."

Akatiliwa kwenye kichupa, akakifunga kwenye pembe ya kanga. Kila mgeni aliyekuja kumwangalia alionyeshwa mawe kwanza, salamu baadaye.

Sasa bibi huyu ana watoto watatu hapa Maskati. Mama yangu, na wajomba zangu wawili. Mjomba mkubwa anakaa Qurum, mtu wa wizara, kilemba chake hata upepo hauthubutu kukigusa. Mjomba mdogo ana duka la vipuri Ruwi, na kanzu yake ya dishidasha ukiikamua unapata mafuta ya kutosha gari moja. Wakati huo walikuwa hawasemi. Mkubwa alimuuzia mdogo gari, na gari ile ikafa njia ya Nizwa kabla hata ya kubadilisha namba. Mkubwa anasema iliendeshwa vibaya. Mdogo anasema iliuzwa imeshakufa, yeye kaizika tu. Harusini mmoja akikaa ndani, mwengine anakaa nje kwenye magari. Sikukuu mama akipika mara mbili, huyu ale mchana, yule ale usiku.

Siku ya kumtoa bibi spitali wakakutana dirishani kwa mtu wa malipo. Bibi yuko kwenye kiti cha magurudumu, mama kamshika bega, mimi nimebeba mito. Mtu wa malipo, Mhindi mpole mwenye miwani, akasukuma bili mbele. Mikono miwili ikaidaka kwa pamoja.

"Toa mkono wako hapo," mjomba mkubwa akasema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kumwambia ndugu yake tangu ile gari.

"Toa wako wewe. Mama nimemleta mimi."

"Umemleta kwa gari gani? Ile iliyokufa?"

"Iliyokufa kaniuzia nani?"

"Mimi ndiye mkubwa. Wallahi l-adhim, hulipi hata baisa!"

"Na mimi wallahi l-adhim, mama yangu namlipia mimi!"

"Mama yako peke yako?"

Watu wote pale ukumbini wakageuka. Bibi akafumba macho, lakini nilimwona anacheka kwenye mtandio. Wanawe wanasema! Wanatukanana, lakini si wanasema?

Yule Mhindi akangoja, akangoja. Mwisho akauliza kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, "Nyinyi ndugu, mna ugomvi au mna pesa?" Wakamjibu kwa pamoja, pesa tunazo, lakini hakuna aliyeachia karatasi. Akachoka. Akaniangalia mimi na mito yangu. Una kitambulisho? Ninacho. Una mshahara? Upo, ukitafuta. Basi weka sahihi hapa kuwa unamdhamini mgonjwa, mchukueni bibi kizee akapumzike, hawa wakishaelewana mmoja wao arudi mchana alipe. Nikaweka sahihi. Nilikuwa nimeitengeneza sahihi yenye mkia mrefu kama wa mawaziri, na nilikuwa sijapata pahala pa kuitumia. Yule Mhindi akafunga dirisha akaenda kula.

Tukamchukua bibi nyumbani. Wajomba wakatoka kila mmoja kwa gari yake. Jioni wote wawili wakaja kwetu Ruwi kumwona mama yao, kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekwenda kukaa kwenye gari. Mama akamuuliza mkubwa, "Kaka, mambo ya spitali?"

"Yamekwisha," akasema, akamtupia jicho mdogo wake.

Mdogo akaitika, "Yamekwisha, alhamdulillahi," akamtupia jicho mkubwa.

Kwetu sisi habari hiyo imekwisha hapo. Nani kalipa haiulizwi. Ukiuliza umewavunjia heshima wawili kwa mpigo, aliyelipa na asiyelipa. Mimi nikajua mmoja kamshinda mwenzake. Nani, haikunihusu.

Ijumaa ile ile mjomba mkubwa akanipigia simu. "Njoo Qurum unibebee sufuria la wali, napeleka kwa vibarua wa lile jengo linalojengwa Ruwi." Nikabeba. Sijashusha mkono, mjomba mdogo naye akapiga. "Njoo dukani, nina sufuria la wali la masikini." Nikabeba na hilo. Nikala huku na nikala kule, nikaenda kulala na tumbo lililoshukuru familia nzima. Wali wa mkubwa ulikuwa na zabibu. Wa mdogo ulikuwa na pilipili. Akili yangu yote siku hiyo ilikwenda kwenye zabibu na pilipili.

Baada ya hapo wajomba wakapatana, na si mapatano ya mdomo. Mjomba mkubwa alikuwa akipita sokoni Matrah anamletea ndugu yake nguru mzima, anamwekea dukani, anaondoka bila kusema kitu. Mjomba mdogo akachukua gari ya mkubwa, akaitengeneza usiku kucha, akairudisha asubuhi imeoshwa, na pesa akakataa. Ukikaa na huyu anakwambia, "Kaka yangu mwanaume yule." Ukikaa na yule, "Mdogo wangu ana moyo, nilikuwa simjui." Bibi alirudi Unguja na kichupa chake, ameshaona wanawe wanakula sinia moja. Alinikamata mkono kiwanja cha ndege akanambia, "Mawe haya yasingekuwepo ningeyaomba."

Ikapita miaka. Mimi na basi langu, mama na nyumba ya kupanga. Tulihama Ruwi, maana jengo letu lilivunjwa, tukahamia pahala pengine pa kupanga, halafu pengine. Mama kila tukihama alikuwa anabeba mchaichai wake kwenye kopo la maziwa. Siku moja akasema, "Mwanangu, mmea huu umechoka kusafiri kuliko mimi." Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wa mama yangu mimi ndiye niliyeurithi, najua unavyoficha. Nikaanza kutafuta nyumba ya kununua.

Nikaipata Khoudh, mtaa ninaopita na basi. Vyumba vitatu, ua mdogo, mndimu mmoja. Mwenyewe mzee anayehamia Salala kwa binti yake. Akasema atanisubiri mpaka baada ya Idi, zaidi ya hapo hawezi. Mama alipokwenda kuiona hakuangalia dari wala mabomba. Alichimba shimo kwa kijiko penye pembe ya ua akapanda mchaichai. Nyumba bado si yetu, bwana! Yule mzee akacheka, akamletea maji ya kumwagilia.

Nikaenda benki ya mshahara wangu. Kwenye meza ya mikopo ya nyumba nikamkuta msichana namjua. Alikuwa abiria wangu. Kwao ni watu wa Mwanza, Kiswahili chake cha bara, na siku zote alikuwa wa mwisho kupanda, anakimbia viatu mkononi. Nilikuwa nikimngojea, kisha namtangaza basi zima: "Mheshimiwa amewasili, tunaweza kuondoka!"

"Kaka dereva," akasema, "leo wewe ndiye umechelewa. Tunafunga saa nane."

"Nilikuwa natafuta viatu."

Akacheka, akachukua karatasi zangu, akaanza kugonga kompyuta. Akagonga tena. Kicheko kikaisha.

"Kaka, umewahi kumdhamini mtu?"

"Nani anidhaminishe mimi? Sura hii?"

"Spitali."

Akanieleza taratibu. Bili ya bibi haijawahi kulipwa. Spitali ilisubiri, ikapiga simu niliyowaandikia, simu ya duka la jirani Ruwi, na duka lilivunjwa pamoja na jengo. Ilipochoka ikalikabidhi deni kwa ofisi ya mawakili wanaokusanya madeni ya watu. Wao wakenda mahakamani, na hukumu ikakaa kwenye jina langu na gharama zao juu.

"Benki ikiuliza habari zako, jibu linalokuja ni hilo," akasema. "Hatuangalii deni ni la gari au la mgonjwa. Mwenye deni lililofika mahakamani hapewi nyumba, hata mshahara wake uwe mzuri."

"Mshahara wangu wenyewe si mzuri."

"Ndiyo, na hilo pia."

"Nikilipa leo?"

"Utapewa barua kuwa hudaiwi. Mahakama ifunge kesi, jina lisafishwe, halafu tuombe upya. Lipa haraka, kaka, lakini usimwahidi mtu kuwa ni ya kesho."

Nikatoka pale, nikampitia mama, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha mkono.

"Haiwezekani. Kaka kalipa."

"Labda mjomba mdogo ndiye aliyelipa."

"Mmoja wao kalipa. Waliapa wote wawili, mmoja katimiza, mwengine kavunja..." Akaniangalia. "Ile Ijumaa, ulibeba wali wa nani?"

"Wa wote wawili."

"Wa nini ule wali?"

Hapo ndipo mimi, mwerevu wa familia, nilipoelewa nilichokibeba begani Ijumaa ile, sufuria likinichoma kwa moto wake. Mtu akiapa wallahi akashindwa kutimiza, analisha masikini, ndiyo kafara ya yamini. Mjomba mkubwa alilisha masikini kwa sababu hakulipa. Mjomba mdogo alilisha masikini kwa sababu hakulipa. Vibarua wote wa Ruwi walishiba kwa deni langu, na mimi nikaomba ukoko.

Mama hakucheka. Akavua bangili zake akaniwekea kwenye ungo, juu ya mchele.

"Lipa kwa hizi. Wajomba zako usiwaambie. Wamependana kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake kalipa. Ukiwaambia watarudi kwenye ile gari."

Nikamrudishia bangili mkononi, moja moja. Nilitaka kumtia mama ndani ya nyumba, si kumvua. Lakini nilikaa siku kadhaa sijui nifanye nini. Akiba yangu ilikuwa inatosha arabuni ya nyumba au deni, si vyote viwili. Na kila nikifikiria kuwaambia wajomba nawaona harusini, mmoja ndani, mmoja kwenye magari, na bibi Unguja anaulizia wanawe hawajambo, nani atamjibu.

Ijumaa wakaja kula kwetu kama kawaida yao. Sinia katikati, nguru wa mjomba mkubwa juu ya wali. Mjomba mdogo akanitania.

"Mwenye nyumba, ndimu zetu zimeiva?"

Nikajibu bila kupanga. "Zimeiva, Mjomba, lakini benki wanasema bibi hajalipiwa."

Mikono miwili ikasimama kwenye wali. Nikaeleza. Sikuweka chumvi, na mimi kuweka chumvi ndiyo kazi yangu. Nilipomaliza, mjomba mkubwa akamgeukia ndugu yake pole pole.

"Hukulipa?"

"Wewe hukulipa?"

Mama akashika kichwa. Mjomba mkubwa akafuta mkono, akavua kilemba akakiweka gotini. Nilikuwa sijapata kumwona bila kilemba. Ana upara mdogo mzuri.

"Mimi nilirudi kwenye gari kuchukua kitabu cha cheki," akasema. "Nikakaa. Nikajisemea, huyu nimemuuzia gari mbovu nikijua, leo nimnyime na radhi ya mama yake? Nikawasha gari nikaondoka."

"Ulijua?" mjomba mdogo akasema.

"Nilijua giaboksi. Injini nilikuwa sijui."

Mimi nikasema kwisha, ndiyo gari imerudi. Mjomba mdogo akamwangalia muda mrefu, tonge mkononi linapoa.

"Mimi nilikwenda dukani kuchukua pesa," akasema. "Nilipokwisha kuzihesabu nikakumbuka kaka yangu leo kanitukana. Tangu lini hajanitukana? Nikasema nikimshinda kulipa hatanitukana tena. Nikazirudisha."

Akatia tonge mdomoni. Mjomba mkubwa akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, na mdogo akapaliwa na wali, na mama akawa anampiga mgongo analia na kucheka.

"Miaka yote nakutengenezea gari bure!"

"Na nguru je? Unajua bei ya nguru?"

"Basi kesho nakwenda kulipa. Wallahi..."

"Wallahi hulipi..."

"Hakuna kuapa nyumbani kwangu!" Mama alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Nusu kwa nusu. Na mtoto huyu atashika risiti. Mkiapa tena, masufuria mtabeba wenyewe!"

Siku ya pili yake tukenda wote watatu kwenye ile ofisi ya mawakili. Mezani kwa karani kulikuwa na tende na kahawa. Wajomba wakakaa kama watoto waliopigwa, kila mmoja na bahasha yake. Karani akataja jumla, pamoja na gharama zao. Nikamwona mjomba mkubwa anavuta pumzi, kidole kinapanda juu, "Wall..." Nikamtia tende mdomoni. Mdogo akajaribu, nikamtia na yeye. Karani akauliza kama ni wagonjwa. Nikamwambia ndiyo, wa zamani, na spitali ni hiyo hiyo unayoidaia wewe. Mimi nikasimama mlangoni mpaka muhuri ulipopigwa na risiti ikaingia mkononi mwangu.

Nyumba ya mndimu hatukuipata. Yule msichana wa benki alikimbilia karatasi zangu kama alivyokuwa akikimbilia basi, lakini mahakama ilikuwa na mwendo wake, na mzee wa Salala alikuwa na safari yake. Idi ikapita, akamuuzia mwalimu mmoja wa chuo. Mama alikwenda kung'oa mchaichai wake usiku, kwa aibu. Mzee alimshikia taa. Akampa na kikapu cha ndimu, na nilipokwenda kumshukuru akaniuliza kama ile arabuni yangu bado nnayo, kuna rafiki yake ana nyumba mtaa wa nyuma, hana haraka. Vyumba viwili, bila mndimu. Jina langu liliposafishwa tuliinunua hiyo. Msichana wa benki aliponipa karatasi ya mwisho niweke sahihi, akaniambia, "Mheshimiwa amewasili." Nikaiweka ile yenye mkia, lakini mara hii nilisoma kwanza.

Bibi akaja tena, kuiona nyumba. Nilimpokea kiwanja cha ndege nimeacha kitambulisho nyumbani makusudi, mama akanicheka njia nzima. Ijumaa wajomba wakaja. Bibi alikaa barazani, karibu na mchaichai, akafungua pembe ya kanga akatoa kichupa. Akakitikisa, mawe yakalia.

"Nimezeeka," akasema, "na sijaambiwa. Mawe yangu haya alilipa nani?"

Kwetu swali hilo haliulizwi, lakini nani atamkataza bibi? Mama akainama kwenye kahawa. Mimi nikashika sahani ya tende, kwa tahadhari.

Mjomba mkubwa akamnyooshea kidole mdogo wake. "Huyu, mama."

Mjomba mdogo akamnyooshea mkubwa. "Huyu."

Na wote wawili, kwa mara ya kwanza, walikuwa wanasema kweli.